Jicho Kwapani mwa Jani

Alfajiri, kabla jua halijaingia Mtaa wa Mkunguni, matembele yanakuwa yameshashushwa. Yamekuja kwenye viroba vilivyonyunyiziwa maji, mengine kichwani, mengine nyuma ya bodaboda, na akina mama wameshakaa chini wanayagawa mafungu juu ya magunia. Huwa nawahi Kariakoo saa hizo kwa sababu mboga inakuwa bado ina utomvu. Chukua kikonyo kimoja, kigeuze, utazame pale kisu kilipopita. Kuna tone jeupe kama tui, limejikusanya kwenye jeraha na halijakauka. Ikifika saa nne tone hilo limeshakuwa doa jeusi, na tembele limeanza kulegea.

Sasa shusha kidole taratibu kutoka kwenye ncha. Utakuta jani, kisha kipande cha shina kitupu, kisha jani jingine. Pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina pana pembe ndogo, na watu wa mashamba wanaiita kwapa. Lifunue kwapa hilo kwa ukucha. Ndani kuna kinundu cha kijani kilichoingiliwa na zambarau, hakizidi kichwa cha pini. Hilo ndilo jicho. Kila jani lina kwapa lake, kila kwapa lina jicho lake, na kila jicho limebeba vyote vinavyotakiwa ili liwe tawi zima lenye majani na macho yake mengine. Lakini halikui. Mmea unaweza kutambaa mita mbili huku macho yote ya nyuma yamelala vilevile.

Kuna mama mmoja ninayenunua kwake kila wiki.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nikufungie mangapi?”

Nikamwambia mafungu mawili, halafu nikamuuliza kwa nini wanakata ncha tu, wasing'oe mmea mzima kama wengi wanavyofanya kwa mchicha. Hakuacha kufunga.

“Tembele usipolikata, linakimbia. Ukilikata linatulia, linazaa.”

Nimekaa na maneno hayo kwa miezi sasa. Ni sahihi, moja baada ya jingine. Wanasayansi wa mimea wamechukua zaidi ya miaka 130 kueleza kilichomo ndani yake, na bado wanaendelea.

Inabidi kwanza nilisafishe neno homoni, maana mjini limechafuka. Ukilitamka sokoni watu wanafikiria kuku aliyenona haraka kuliko kawaida, au ndizi iliyoiva ganda huku ndani ngumu. Kwenye mmea homoni ni kemikali ambayo mmea wenyewe unaitengeneza, kwa kiasi kidogo mno, sehemu moja ya mwili wake, ili ipeleke habari sehemu nyingine. Mmea hauna mishipa ya fahamu wala ubongo. Ncha iliyo juu na mzizi ulio chini vinapashana habari kwa njia hiyo. Na kusema kweli homoni mojawapo tumeitumia tangu zamani za mababu: anayevundika ndizi kwa moshi anaziwekea ethilini, gesi iliyomo ndani ya moshi na ambayo tunda lenyewe huitoa linapoiva. Bibi zetu hawakuwa na jina hilo. Waliijua kwa harufu ya shimo na kwa hesabu ya siku.

Nilitaka kuyaona maneno ya yule mama kwa macho yangu, kwa hiyo nilichukua ndoo mbili za rangi, zile za lita 20, nikazitoboa chini, nikazijaza udongo na samadi, nikaziweka barazani ghorofa ya tatu. Kila ndoo nilichomeka marando sita. Wiki mbili baadaye yalikuwa yameshika. Ndoo ya kwanza nikakata ncha zote kwa wembe, nikabakiza vishina vyenye majani manne au matano. Ndoo ya pili sikuigusa.

Siku tatu za mwanzo sikuona lolote. Siku ya nne, jicho la juu kabisa kwenye kila kishina kilichokatwa lilikuwa limevimba, rangi ya zambarau imekolea, na ganda lake limepasuka kidogo. Siku ya sita vijani viwili vilikuwa vimejitokeza, vimekunjana kama viganja vya mtoto mchanga. Siku ya tisa vishina sita vilikuwa vimetoa vichipukizi 14. Ndoo ya pili nayo ilikuwa imefanya kazi kubwa, ila ya namna nyingine: rando moja lilikuwa limepita chuma cha baraza na kuning'inia kuelekea kamba ya kuanikia ya jirani. Lilikuwa limekimbia. Nikayafunua makwapa yake moja moja. Macho yalikuwa palepale, madogo, magumu, yamelala.

Swali la kwamba ncha ina kitu gani cha kuyalaza macho ya chini lilianzia mbali na matembele. Mwaka 1880 Charles Darwin, akiwa mzee, na mwanawe Francis walichapisha kitabu kuhusu mwendo wa mimea. Walichukua miche michanga ya nyasi, ile inayotoka ardhini kama sindano, wakaiwekea mwanga upande mmoja, nayo ikajipinda kuufuata. Kisha wakaivisha nchani vijikofia vinavyozuia mwanga. Haikujipinda tena, ingawa sehemu inayojipinda ipo chini ya kofia na ilikuwa ikipigwa na mwanga uleule. Kwa hiyo ncha ilikuwa inashusha habari. Ilishuka kwa kitu gani, hawakuweza kukishika.

Aliyekishika ni kijana wa Kiholanzi, Frits Went, mwaka 1926, katika maabara ya Utrecht ambako baba yake alikuwa profesa wa botania. Alikata ncha za miche ya oti akazipanga juu ya vipande vya jeli itokanayo na mwani. Baada ya muda akazitupa ncha, akachukua ile jeli tupu na kuiweka upande mmoja wa shina lililokatwa. Shina likajipinda kana kwamba ncha bado ipo. Jeli ilikuwa imenyonya ujumbe. Kitu hicho kikapewa jina la auksini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kukua.

Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog, wakiwa California, walifanya jambo ambalo yule mama wa Mkunguni angelielewa papo hapo. Walikata ncha za miche ya maharage mapana, macho ya pembeni yakaanza kuamka. Lakini kwenye baadhi ya miche walibandika auksini juu ya jeraha. Macho ya miche hiyo hayakuamka. Ncha haikuwepo, kisu kilikuwa kimeshapita, ila mmea uliendelea kutii amri ya kiungo ambacho hakipo.

Hapo watu wengi wangeridhika, na vitabu vya shule viliridhika kwa muda mrefu. Lakini kulikuwa na ugumu. Auksini inayoshuka kutoka nchani haiingii ndani ya jicho. Inapita kwenye shina, inaliacha jicho pembeni, inaendelea kwenda zake mizizini, kwa mwendo wa takriban sentimita moja kwa saa. Inawezaje kulilaza jicho ambalo haikuligusa?

Maelezo ninayoyapenda zaidi yanaeleweka vizuri ukisimama jioni pale mtaa mdogo wa Kariakoo unapotokea Barabara ya Msimbazi. Jicho nalo linatengeneza auksini yake, na ili likue linatakiwa kuitoa, iingie kwenye shina na kushuka. Inapotoka inajichimbia njia, na njia hiyo ndiyo baadaye inakuwa mishipa ya kupitisha maji na chakula cha tawi jipya. Sasa fikiria daladala inayotaka kuingia barabara kuu wakati barabara imejaa, gari limeshika gari. Haiingii. Inasubiri na injini inawaka. Ukikata ncha, foleni iliyokuwa ikitoka juu inakatika, barabara inakuwa nyeupe, na jicho lililo karibu zaidi na mkato ndilo linalotangulia kuingia. Likishaingia na kuwa tawi lenye ncha yake, linaanza lenyewe kuwafungia wenzake wa chini. Ndiyo maana kwenye ndoo yangu si macho yote yaliyoamka, na ndiyo maana matembele hukatwa tena na tena.

Anayeliamsha jicho kutoka upande wa pili anaitwa saitokinini. Skoog huyohuyo, pamoja na Carlos Miller, ndiye aliyefungua mlango huo mwaka 1955 huko Wisconsin, Marekani, na miaka michache baadaye saitokinini ya kwanza kutolewa ndani ya mmea ilipatikana kwenye punje changa za mahindi. Saitokinini hutengenezwa mizizini na pia kwenye shina karibu na macho. Auksini ikiwa nyingi, shina linazuiwa kutengeneza saitokinini. Ncha ikikatwa, katika saa chache kiasi chake kinapanda jirani na macho. Ukipaka saitokinini moja kwa moja juu ya jicho lililolala, linaweza kuamka hata kama ncha bado ipo juu yake.

Homoni ya tatu inanigusa kuliko zote, kwa sababu tuliifahamu kupitia njaa. Mkulima wa mahindi, mtama au mpunga wa mlimani katika Tanzania anakijua kiduha. Ni gugu zuri, lina maua ya waridi au mekundu, na chini ya ardhi limejiunga na mizizi ya mahindi linanyonya. Mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kukaa udongoni miaka mingi bila kuota. Hazioti mpaka zisikie mzizi wa mahindi upo karibu. Mwaka 1966 watafiti walifaulu kupata kitu kinachoziamsha, wakakichuja kutoka mizizi ya pamba, na jamii ya kemikali hizo ikaja kuitwa strigolaktoni, kutokana na jina la kisayansi la kiduha.

Kwa karibu miaka 40 swali lilibaki: kwa nini mmea umwage udongoni kitu kinachomwita adui? Jibu lilikuja mwaka 2005. Mmea haumwiti kiduha. Unawaita kuvu rafiki, wale wanaoishi mizizini na kuuletea fosforasi. Kiduha kinadukiza mazungumzo yasiyo yake. Halafu mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na mizizi Ufaransa na jingine Japani, yalionyesha kwamba kemikali hizohizo hupanda kwenye shina na kuyalaza macho. Udongo ukikosa fosforasi, mizizi inatengeneza strigolaktoni nyingi zaidi, habari mbili zinatoka kwa pamoja: chini inakwenda ya kuomba msaada, juu inakwenda ya kuyaambia macho yasiamke kwa kuwa chakula hakitoshi. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje kutembea. Mche mwembamba wa kiganja kimoja, hauna macho ya kuona wala masikio, na unapanga matumizi ya nyumba nzima namna hiyo.

Halafu sukari. Mwaka 2014 Christine Beveridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza walichokiona kwenye njegere. Walikata ncha, wakalitazama jicho lililo mbali chini. Lilianza kukua katika saa chache tu, kabla upungufu wa auksini haujapata muda wa kulifikia, maana auksini tumeona mwendo wake ni wa kobe. Kilichofika haraka ni sukari. Ncha inayokua ina njaa kubwa, inavuta sukari yote inayotengenezwa na majani. Ikiondolewa, sukari inatawanyika shina zima, macho yanapata ya kwanza, yanashtuka. Kisha ndipo homoni zinapoingia kuamua nani aendelee na nani arudi kulala. Hilo ndilo yule mama alilosema kwa neno moja, linatulia: kinachokwenda mbio kule mbele kimeondolewa, chakula kimebaki nyumbani.

Toka sokoni uelekee mashariki, uvuke Mtaa wa Lumumba, umefika Mnazi Mmoja. Huwa nafikiria kwamba katikati ya jiji letu imepewa majina na mtu aliyekuwa akitazama jinsi miti inavyotawi. Kuna Mkunguni, na mkungu hutoa matawi kwa tabaka, unapanda kidogo, unatandaza duara la matawi, unapanda tena, hadi unakuwa kama sahani zilizopangwa juu ya mlingoti. Kuna Mtaa wa Mchikichi, hapohapo Kariakoo. Na kuna huo mnazi mmoja.

Mnazi una sehemu moja tu ya kurefukia, ipo kileleni, ndani ya moyo ule mweupe mtamu. Makuti yake yana makwapa, na makwapa yana macho, ila macho hayo hayawi matawi. Yanakuwa makarara, karara linapasuka, maua yanatoka, na ndizo nazi. Mnazi umeyatoa macho yake yote kwa uzazi, haukujiwekea hata moja la akiba. Ndiyo maana mdudu chonga akitoboa moyo na kuumaliza, au mtu akikata kilele kwa ajili ya kuula, mnazi umekwisha. Hauchipui. Mchikichi vivyo hivyo. Mwarobaini ulio chini ya nyaya za umeme kwenye mtaa uleule unakatwa kichwa kila mwaka, na kila mwaka unarudi na vichwa vitano.

Ila sheria ya minazi haifungi jamaa yake yote. Mikocheni imepata jina kwa mikoche, mti wa ukoo wa mnazi ambao wengine wanauita mkoma, na mkoche unatoa panda: shina moja linakuwa mawili, kila moja linagawanyika tena. Hauamshi jicho la kwapani. Ncha yenyewe inajigawa katikati. Mjini mikoche imebaki michache, lakini barabara ya kwenda Bagamoyo bado unaweza kuiona imesimama na vichwa vyake vingi, na tangu nilipoelewa inavyofanya siwezi kuipita bila kugeuka.

Maduka ya pembejeo yanayolizunguka soko la Kariakoo ndiko auksini inakouzwa kwa chupa, ingawa sijawahi kusikia mtu akiiita hivyo dukani. Dawa ya magugu ya 2,4-D, inayopuliziwa kwenye mahindi, ni auksini ya kutengenezwa kiwandani, iliyobuniwa katika miaka ya 1940. Mmea wenye majani mapana ukiipata unapewa amri ya kukua kutoka kila upande kwa wakati mmoja, na hauwezi kuivunjavunja kama unavyoivunja auksini yake mwenyewe. Unajipinda, unapasuka, unakufa. Mahindi, kwa kuwa ni jamii ya nyasi, yanavumilia.

Mimi niliijua kwa hasara. Nilinunua bomba la kupulizia lililokwisha kutumika, muuzaji akaniambia ni safi, nami nikaridhika na neno lake. Nikatia humo mbolea ya maji, nikaipulizia miche 40 ya nyanya niliyoikuza tangu mbegu. Siku ya pili vikonyo vya majani vilikuwa vimepinda chini kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi, mashina yamejisokota, majani mapya yanatoka membamba kama nyuzi. Wiki haikuisha, nikaing'oa yote. Masalio kidogo tu kwenye mpira na kwenye mdomo wa bomba yalitosha. Nawasihi wasomaji: bomba la dawa ya magugu liwe la magugu peke yake, na usiazime la jirani kwa ajili ya nyanya, pamba au mboga.

Kwenye maduka hayohayo kuna unga wa kuchovya vipando ili vitoe mizizi. Nao ni auksini, ya kiasi kidogo. Ile inayolaza macho ya juu ndiyo inayoamsha mizizi chini, kwa sababu inashuka, inafika kwenye mkato wa chini, inakosa pa kwenda, inakusanyika. Rando la tembele halihitaji unga huo. Ncha na majani yake yanaitengeneza ya kutosha, na mkato ukikaa ardhini mizizi inatoka ndani ya siku chache.

Suala la mwanga linawahusu hasa wanaolima kwenye ndoo na makopo katikati ya maghorofa, nao ni wengi kuliko tunavyodhani. Inua macho Mtaa wa Sikukuu utaona ndoo za mchicha na mashina ya mrehani barazani. Kivuli cha ghorofa na kivuli cha jani si kitu kimoja kwa mmea. Jani linanyonya mwanga mwekundu na kuachia ule mwekundu wa mwisho kabisa, ambao macho yetu karibu hayauoni. Mche ukipata mwanga uliokwisha chujwa na majani ya wenzake unajua umezungukwa na washindani, unapeleka nguvu zote juu na kuyalaza macho yake. Ndiyo miche ile mirefu, myembamba, isiyojimudu, tunayoikuta kwenye kitalu kilichosiwa mbegu nyingi. Zege halichuji rangi namna hiyo. Kivuli cha ghorofa kinapunguza mwanga wote, sukari inapungua, na jicho lisilo na sukari haliamki hata ukate mara ngapi. Kwa hiyo tiba ni mbili tofauti. Waliosongamana wapunguze mapema, miche ikiwa na majani mawili matatu. Walio upande wa kivuli wahamishie ndoo penye saa nne au tano za jua, au wakubali kuvuna kidogo.

Kuhusu kukata kwenyewe, wanaolima mchicha wa kung'oa naona wanapoteza. Najua sababu zao: eneo ni la kuazima, tuta linatakiwa liwe tupu kabla mwenye kiwanja hajarudi, na mchicha mchanga ni laini. Lakini mwenye eneo la kudumu, au mwenye ndoo, akikata shina kiganja kimoja juu ya udongo na kuacha makwapa matatu au manne, atavuna shina hilohilo mara kadhaa, na mchicha utachelewa kutoa mbegu. Awahi kukata kabla ua halijajitokeza nchani. Baada ya hapo matawi yanayotoka yanakuwa na vishungi vya maua kuliko majani. Baada ya kila mkato mmea unadai samadi, na hapa ile habari ya fosforasi inarudi: udongo wa ndoo uliochoka unauambia mmea ulale, na kisu hakiwezi kubishana nao.

Kisamvu kina hesabu yake. Ukichuma ncha, mmuhogo unatawi na mboga inaongezeka, ila kila jani unalopika ni sukari ambayo haikushuka kwenye muhogo wenyewe, na mtu anayetaka vyote viwili inambidi achume kwa kiasi. Hata kupanda kwake ni suala la macho. Pingili ukiisimamisha, macho mawili ya juu hutangulia na kuwazuia wa chini. Ukiilaza chini ya udongo, macho mengi huchipua na unapata mashina mengi. Wakulima wa nyanya wao wanafanya kinyume cha wa tembele, wanapogolea vichipukizi vya kwapani ili shina moja lipande kambani na sukari iende kwenye matunda. Na mahindi hayahitaji kupogolewa kwa kuwa kazi hiyo ilimalizika maelfu ya miaka iliyopita huko Mexico, ambako wakulima, msimu baada ya msimu, walichagua mbegu za mmea uliokuwa kichaka hadi wakapata wenye shina moja. Jeni iliyohusika zaidi katika mabadiliko hayo inajulikana, na kazi yake ni kuyalaza macho ya pembeni.

Wiki iliyopita nilimpelekea yule mama kikonyo kutoka ndoo yangu ya kwanza, nikamwonyesha nilipokata. Alikishika, akakigeuza, akagusa mkato kwa kidole gumba.

“Umekata juu sana, mwanangu. Hapa unaamsha moja tu. Shuka, acha matatu, ukate karibu na jicho, usiache kisiki kirefu, kitaoza.”

Nikarudi nyumbani nikafanya hivyo kwa vishina vyote sita. Jana asubuhi nimehesabu. Vitano vimetoa vichipukizi viwili viwili, na vya juu vimeshafungua majani. Cha sita, kile kilicho upande wa ukuta, jicho la juu limetoka, la pili limevimba, la tatu limekaa vilevile kama kichwa cha pini. Nimeigeuza ndoo ili upande ule upate jua la asubuhi.